Kupima pH ya maziwa: joto linavyobadilisha jibu

Chota maziwa mabichi kutoka kwenye tangi la kupozea yakiwa na 4 °C, uyapime pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka) papo hapo: unaweza kupata karibu 6.85. Yaache yafike 20 °C kisha urudie, na jibu litashuka karibu na 6.7. Maziwa hayajaanza kuchacha, wala kipima hakijaharibika. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila hayalinganishwi.

Joto linaingilia kipimo kwa njia mbili. Ya kwanza iko kwenye elektrodi, yaani kile kijiti cha kioo cha kipima kinachozamishwa kwenye maziwa. Kwa kila badiliko la pH moja, elektrodi nzuri hutoa milivolti 59.16 kwenye 25 °C, lakini kwenye 4 °C hutoa kama 55 tu. Kipima kikidhani sampuli ina 25 °C kitakosea, na kosa hukua kadiri sampuli inavyokuwa mbali na pH 7. Mtindi wa pH 4.3 ukipimwa kwenye 4 °C bila fidia ya joto utasomeka karibu 4.5. Kwa maziwa mabichi, ambayo yako jirani na 7, kosa hilo halifiki hata 0.02.

Njia ya pili iko ndani ya kimiminika chenyewe. Maji safi yana pH 7.00 kwenye 25 °C na 6.63 kwenye 50 °C, na bado si asidi wala besi. Katika maziwa, uwezo wa kalsiamu fosfati kuyeyuka hupungua kadiri joto linavyopanda, na ikijitenga kuwa chembe ngumu huachia ioni za hidrojeni. Ndiyo maana pH hushuka kwa takriban 0.01 kwa kila nyuzi moja. Fidia ya joto, ile yenye alama ATC kwenye kipima, hurekebisha elektrodi peke yake. Haibadilishi jibu la 4 °C kuwa la 20 °C, na hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Kwa hiyo chagua joto moja, tuseme 20 °C, na upimie hapo kila siku.

1. Sahihisha kipima kwanza kwa bafa, yaani miyeyusho yenye pH inayojulikana. Weka bafa za pH 7 na pH 4 zifike 20 °C. Soma thamani kwenye jedwali la chupa, maana nazo hubadilika: bafa ya 6.86 kwenye 25 °C huwa 6.88 kwenye 20 °C. Anza na ile ya karibu na 7, suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha ile ya 4. Mteremko (milivolti ambazo elektrodi inatoa kwa kila pH moja, zikilinganishwa na zile inazopaswa kutoa) ukiwa chini ya asilimia 95, safisha elektrodi na urudie; ukibaki hapohapo, nunua nyingine.

2. Koroga maziwa ya tangini, chukua mililita 50 kwenye bikari, uiweke ndani ya beseni la maji ya nyuzi 25 hadi 30. Zungusha taratibu mpaka kipimajoto kionyeshe 20 °C. Usipashe jikoni, kwani maziwa ya chini huungua kabla ya yale ya juu kupata joto. Usiyaache mezani saa nzima pia: bakteria wataanza kazi na utapima uchachu ulioutengeneza mwenyewe.

3. Zamisha elektrodi pamoja na kihisi joto. Kihisi kikining'inia nje, kipima kitarekebisha kwa joto la chumba.

4. Subiri namba itulie. Elektrodi iliyotoka kwenye baridi huyumba kwa dakika kadhaa, kwa sababu upinzani wa umeme wa kioo chake hupanda sana joto linaposhuka. Namba ikizidi kutambaa upande mmoja, angalia kwanza kama kioo kimepata utando wa mafuta.

Kwenye 20 °C, maziwa mazima ya ng'ombe husoma 6.6 hadi 6.8. Chini ya 6.5, shuku uchachu. Zaidi ya 6.9, kagua ng'ombe kwa ugonjwa wa kiwele.

Katika daftari andika joto kando ya kila jibu, mfano 6.72 (20 °C). Ukimaliza, osha elektrodi kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza vizuri, uihifadhi kwenye myeyusho wa potasiamu kloridi wa molari 3. Usiitumbukize kwenye maji yaliyokenekwa usiku kucha, kwani hunyonya chumvi iliyo ndani yake.