Gundi ikikauka, shika kingine
Wastaafu wenzangu mlio na karakana ndogo nyumbani, msing'ang'anie kazi moja tu jamani. Gundi ya mbao ukishaibana na jiliwa (kile chuma cha kubania mbao) inataka kama masaa 24 ndo ikomae kabisa, sasa badala ya kukaa unaikodolea macho nenda kafungue ile redio mbovu au kapige gitaa, mimi hapo ndo nilianza kushona ngozi (vibaya, ila raha tupu). Taa iweke upande wa pili wa mkono unaofanyia kazi, kivuli kisikuzibe, macho yetu haya sio ya zamani. Halafu matambara yenye mafuta ya kitani (yale ya kupaka mbao) usiyarundike!! yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto, yatandaze nje moja moja yakauke.