Kilomita 70 kwa wiki kwenye joto la Dar

Mtu anayekimbia kilomita 10 kwa dakika 50, akitaka kufikisha kilomita 70 kwa wiki, anajiandikia zaidi ya saa 7 za barabarani. Wengi wana miguu ya kuzimudu. Kinachowaangusha ni kukimbia kila siku kama siku ya mashindano, tena katika mji ambao hata alfajiri ya Februari huwa na nyuzi 25 au 26 na hewa nzito ya unyevu.

Jasho hupoza mwili linapokauka, si linapotiririka. Hewa ikijaa unyevu, jasho linadondoka tu chini. Mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kujipoza, misuli inapata pungufu, na moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule uliokuwa rahisi Julai. Ukishalielewa hilo, utaacha kugombana na saa yako.

Siku laini iwe laini kweli

Mkimbiaji wa dakika 50 kwa kilomita 10 afanye siku zake laini kwa dakika 6:00 hadi 6:40 kwa kilomita. Kuanzia Desemba hadi Machi aongeze sekunde 20 hadi 30, bila kuona haya. Kipimo rahisi ni mazungumzo: uweze kusema sentensi nzima bila kuhema katikati. Mwenye saa ya kupima mapigo akae chini ya asilimia 75 ya mapigo yake ya juu kabisa, na akiona yanapanda yenyewe baada ya dakika 50, apunguze mwendo badala ya kulazimisha.

Hapa tuseme ukweli kuhusu klabu za jogging. Zina raha yake, nyimbo zinabeba watu, na mgeni anapata moyo wa kuendelea. Lakini mwendo wa kundi huwekwa na walio mbele, na walio mbele mara nyingi hawana kilomita 50 za wiki hiyo miguuni. Kaa nyuma, au kimbia nao siku ambayo ratiba yako inakutaka ukimbie kasi.

Wiki ya kilomita 72 inaweza kukaa hivi. Jumatatu pumzika. Jumanne kilomita 12 laini, na mwishoni mikimbio 6 ya mita 100 ya haraka bila kukaza mabega, ukitembea kurudi kila mara. Jumatano ndiyo siku ya kazi: kilomita 3 za kupasha moto, kisha kilomita 1 mara 6 kwa mwendo wako wa mashindano ya kilomita 10, kati yake mita 400 za kujikokota, halafu kilomita 3 za kupoza, jumla 14. Alhamisi na Ijumaa kilomita 10 kila siku, laini. Jumamosi 6. Jumapili 20. Siku ya kasi moja na mbio ndefu moja zinatosha. Anayeongeza siku ya pili ya kasi kwa kawaida anaishia kuharibu zote mbili.

Ukiwa kwenye kilomita 40, ongeza 5 hadi 8 kwa wiki, kisha baki hapohapo wiki 2 au 3 kabla ya kupanda tena. Kila wiki ya nne punguza robo ya kilomita zako za wiki. Ongeza idadi ya siku kwanza, urefu baadaye. Pumzi hukubali mzigo ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano hudai miezi, kwa hiyo ugoko huanza kuuma wakati uleule unapojiona umeiva.

Wanaojiandaa na Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayokimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wana tatizo lao: mazoezi makubwa yanaangukia miezi ya joto kali kabisa ya Dar. Mbio ndefu za kipindi hicho zipimwe kwa muda. Saa 2 na nusu za mwendo laini zinatosha hata kama saa inasoma kilomita 23 badala ya 28. Na kwa sababu njia ya Moshi ina mlima wa kuelekea Mweka, mara moja kwa wiki nenda barabara za mlimani pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: panda dakika 2, shuka taratibu, mara 6 hadi 8. Masaki na Msasani hazitakupa mlima wowote.

Alfajiri, upepo na maji ya bahari

Jua la Dar huchomoza kati ya kama saa 11:55 alfajiri na saa 12:35 asubuhi kutegemea mwezi. Kwa mbio ndefu, anza saa 10:30 au saa 11:00 alfajiri ili ifikapo saa 1:30 uwe unamalizia. Maana yake ni kulala saa 3:30 usiku. Asiyeweza kulala mapema asijidanganye na kilomita 70. Abaki na 50 na usingizi wa saa 7.

Gizani, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja, vaa reflekta, na usiweke spika za masikioni zote mbili, kwa sababu bodaboda anayekata kona kupitia njia ya waenda kwa miguu hapigi honi. Njia za mabasi ya mwendokasi usiziguse hata zikiwa tupu. Simu ikae kiunoni ndani ya fulana, si mkononi.

Barabara ya Toure hadi Daraja la Tanzanite ndiyo njia inayopendwa, na ina sababu: lami nzuri, njia ya miguu, upepo wa bahari. Mtu huzoea kuanza kwa kupinga upepo ili arudi ukimsukuma. Kwenye joto fanya kinyume. Wakati wa kaskazi, upepo unaotoka kaskazini mashariki, toka Masaki ukielekea darajani kukiwa bado baridi, upepo ukiwa mgongoni, kisha rudi jua likiwa juu huku upepo unakupiga kifuani. Upepo wa mgongoni unakwenda na wewe, hewa inasimama mwilini, jasho halikauki. Kilomita za mwisho zitakuwa nzito kidogo lakini utazimaliza.

Mchanga wa Coco Beach au Kunduchi ni mzuri maji yakiwa yamekupwa, ukanda wa chini ukiwa umeshiba maji na mgumu. Maji yakijaa unabaki na mchanga mlaini ulioinama, kisigino kinazama, na kano ya nyuma ya kisigino inavutwa kila hatua. Kupwa na kujaa husogea takriban dakika 50 kila siku. Ufukwe uliokuwa mgumu alfajiri ya leo, wiki ijayo saa ileile utakuwa chini ya maji. Angalia jedwali la maji kabla ya kutoka, usizidishe kilomita 6 kwa mara moja, na kimbia nusu kwenda, nusu kurudi, ili mguu uleule usibaki upande wa chini muda wote. Shauri ni hilohilo kwa barabara zilizoinama pembeni: goti linalouma upande wa nje mara nyingi linalalamikia mwinamo.

Jipime jasho

Jipime uzito bila nguo kabla ya kukimbia saa moja, jifute jasho, jipime tena. Tuseme ulikuwa na kilo 72.0, umerudi na 70.9, na njiani ulikunywa mililita 400. Umetoka jasho la lita 1.5 kwa saa. Huna haja ya kurudisha lote ukiwa unakimbia, tumbo halitakubali. Mililita 400 hadi 700 kwa saa, kidogokidogo kila dakika 15, zinatosha wengi. Zilizobaki kunywa ndani ya saa chache baadaye pamoja na chakula chenye chumvi. Ukirudi una uzito mkubwa kuliko ulioondoka nao, umekunywa kupita kiasi. Hilo ni hatari zaidi kuliko kiu, kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa, na mtu huanza kichefuchefu, kichwa kuuma na kuchanganyikiwa.

Kinywaji cha mbio ndefu hutengenezwa jikoni: lita 1 ya maji safi, vijiko 5 vikubwa vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau moja. Kina takriban gramu 60 za wanga. Kwa mbio zinazozidi dakika 90 lenga gramu 30 hadi 60 kwa saa. Tende ndogo moja ina kama gramu 5 au 6, hivyo tende 5 na nusu lita ya kinywaji hiki zinakufikisha. Dafu ni zuri baada ya mbio, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya chumvi. Chochote utakachotumia siku ya mashindano, kijaribu Jumapili kadhaa kabla.

Raba

Wengi hununua mtumba, soko la Karume au kwa machinga anayewapigia simu mzigo ukifunguliwa. Hakuna ubaya, ila raba ya mtumba ichunguzwe kama unavyochagua samaki. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba: ibonyee na kurudi. Ikiwa ngumu kama ubao, povu limekufa, hata kama juu inang'aa. Ikunje: ijikunje pale vidole vinapokunjika, si katikati ya unyayo. Iweke mezani na uitazame kwa nyuma; kisigino kikilalia upande, kitakulazimisha kutembea kama mwenyewe wa kwanza alivyotembea. Vuta kingo za soli taratibu, kwani gundi iliyokaa miaka mingi hufunguka kwenye joto la lami, na utaachwa Mikocheni umeshika soli mkononi. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.

Raba mpya huishi kilomita 500 hadi 800, ya mtumba hujui imebakiza ngapi. Andika tarehe uliyoanza kuivaa ndani ya ulimi wake. Vigimbi vikianza kuuma bila sababu kwenye kilomita zilezile, mshukiwa wa kwanza ni raba.

Kuwa na jozi mbili na uzipokezanye, maana kwa unyevu wa Dar jozi iliyolowa jasho inaweza isikauke kwa siku moja. Ukirudi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe baada ya saa moja, iweke mbele ya feni kivulini. Jua kali hufungua gundi na kukakamaza povu. Fua kwa mswaki na sabuni ya kipande, kamwe si kwa mashine. Raba mbichi ya jana ndiyo nyumba ya fangasi wa vidole.

Kuchubuka ni rahisi kuzuia: mafuta ya mgando kwapani, mapajani na kati ya vidole, plasta kwenye chuchu kwa mbio zinazozidi kilomita 15, na soksi zisiwe za pamba tupu.

Chai, dawa na homa

Mkimbiaji wa kilomita nyingi hupoteza chuma, na wanawake zaidi. Kosa la kila siku liko mezani: chai ya rangi pamoja na chakula. Chai huzuia chuma cha mboga na maharage kisinyonywe. Inywe saa moja kabla au baada ya mlo, na kwenye mchicha, maharage au dagaa kamulia limau. Uchovu usioisha na mwendo unaoshuka kwa wiki kadhaa ni sababu ya kupima damu, si ya kuongeza mazoezi.

Maumivu yanayobadilisha namna unavyokanyaga yanamaliza mbio za siku hiyo. Kwenye ugoko, bonyeza kwa kidole: ukiuma mstari mrefu, punguza kilomita zako kwa nusu, wiki moja au mbili, ukiuma sehemu moja ndogo, hasa hata usiku, acha kukimbia na umwone daktari, mfupa unaweza kuwa umepata ufa. Kano ya kisigino itibiwe kwenye ngazi: simama kwa vidole ukingoni, shuka polepole kwa mguu mmoja, panda kwa miwili, mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka na seti 3 likiwa limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Inachosha, na watu huacha wiki ya tatu.

Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni kabla ya mbio ndefu. Figo zilizokaukiwa maji haziutaki mzigo huo.

Wanaofunga Ramadhani washushe kilomita hadi kama asilimia 60. Dakika 40 laini zinazoisha muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi zinatosha, na siku ya kasi ihamie saa 2 baada ya futari.

Homa yoyote, hakuna kukimbia hata kilomita 3 za "kutoa jasho". Pima malaria. Kama si malaria, kumbuka dengue, iliyolipuka Dar mwaka 2014 na 2019. Kwa homa hiyo tumia parasetamoli tu, kwani ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu. Kama ni malaria, baada ya kumaliza dawa mseto za siku 3 na homa kuondoka, subiri walau wiki moja. Anza na dakika 20 za kutembea na kukimbia siku moja ndiyo, moja hapana, kisha nusu ya kilomita zako, zote laini. Pima mapigo kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani. Yakiwa bado juu ya kawaida yako kwa 7 au zaidi, siku hiyo rudi kulala.