Weusi Ukutani Ughaibuni: Usiufute Kabla Hujaujua

Baridi yangu ya pili hapa Leicester, niliinua macho sebuleni nikaona dari imechorwa mistari. Mistari ya kijivu, imenyooka, imepishana kwa nafasi zilezile, na ndani ya kila mstari vidoa vya duara kama vifungo vya shati. Nilidhani mvua inavuja kutoka kwenye paa, maana flati yetu ni ya juu kabisa. Nikapanda kiti, nikapitisha kidole. Pakavu. Kidole kikatoka cheusi kama nimegusa tako la sufuria ya kuni. Nilipomwonyesha mama kwa simu ya video, aliniambia nisome Yasini. Nikasoma. Kisha nikafanya kosa wanalofanya wengi wetu: nilichovya kitambaa majini nikasugua. Mstari ukageuka wingu.

Tangu siku hiyo, kila baridi ikianza, naulizwa swali hilohilo, weusi huu umetoka wapi, na ndugu walioko hapa Uingereza, Ujerumani, Canada na Marekani. Weusi huwa una chanzo, nacho hujulikana kwa mambo matatu: umekaa wapi, unafutikaje, na umeanza lini. Ukikimbilia sabuni au rangi umejifutia ushahidi.

Ila kabla ya kupanda kiti, nenda kwanza kwenye boila (mtambo wa kuchemshia maji ya nyumba na ya kupashia vyumba joto), kwenye hita na kwenye jiko la gesi. Angalia kama pembeni yake kuna masizi au madoa ya hudhurungi, na kama mwali umekuwa wa njano au wa rangi ya chungwa badala ya bluu. Jiulize pia kama watu wa nyumbani wanaumwa kichwa, wanasikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu wakitoka nje wanapata nafuu. Dalili hizo ni za kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu usingizini. Zima chombo, fungua madirisha, tokeni nje nyote, na upige simu mkiwa nje: Uingereza ni 0800 111 999 kwa dharura ya gesi, Marekani na Canada ni 911. Mpangaji wa Uingereza ana haki ya gesi ya nyumba yake kukaguliwa kila miezi 12 na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na apewe nakala ya cheti. Mwombe mwenye nyumba cheti hicho bila kuona haya. Kengele ya kaboni monoksaidi nayo nunua, hata kama hakuna anayekulazimisha.

Mkaa usiuwashe kabisa ndani ya nyumba. Desemba 2006 dhoruba ilikata umeme eneo la Seattle, Marekani, na familia za wahamiaji waliozoea jiko la mkaa zikaliingiza ndani ili zipate joto. Wapo waliokufa. Kwetu jiko hukaa uani au kwenye jiko la nje lenye upepo, na nyumba zenyewe zinapumua. Nyumba za huku zimezibwa makusudi ili joto lisitoke, kwa hiyo na sumu haitoki.

Najua mtaniuliza: na udi je? Hapo ndipo ilipokuwa siri ya dari yangu. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa nilikuwa nachoma udi na ubani kwenye chetezo, juu ya vile vijiwe vya mkaa vya kujiwasha, huku madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Vijiwe hivyo hutoa gesi ileile, na hutoa masizi. Chembe za masizi ni nyepesi mno, huelea chumbani kwa saa nyingi, na zikitafuta pa kutua huchagua penye baridi. Juu ya dari yetu kuna mbao, na katikati ya mbao wamejaza sufi ya kuzuia baridi. Sufi inahifadhi joto kuliko mbao, kwa hiyo dari iliyo chini ya kila ubao inakuwa na baridi zaidi ya kando yake, na pale penye kichwa cha skrubu ya chuma baridi inazidi. Masizi yakatua mstari kwa mstari, kidoa kwa kidoa, hadi mifupa yote ya dari ikaonekana.

Mishumaa, hasa ile ya manukato ya kwenye gilasi, hufanya kazi hiyohiyo. Tazama mdomo wa gilasi: ukiwa mweusi, ujue weusi kama huo umeenda ukutani pia. Kukaanga maandazi bila kuwasha feni ya kutolea moshi kunaongeza mafuta hewani, na mafuta ni gundi ya masizi. Ukiona weusi umepanda ukutani juu ya radieta, ni hewa ya moto inayobeba vumbi kwenda juu. Ukiona mstari mweusi kwenye zulia chini ya mlango unaofungwa kila usiku, hewa inajipenyeza hapo na zulia linaichuja kama kichungi cha chai. Ujerumani kuna weusi wa ghafla unaokuja msimu wa kuwasha hita, mara nyingi baada ya ukarabati; wenyewe wanauita Schwarzstaub. Kemikali za rangi mpya na sakafu za plastiki hutoka polepole na kushikana na vumbi laini.

Kutofautisha masizi na kuvu ni rahisi. Masizi ni makavu, ukiyagusa kwa karatasi laini yanapaka. Kuvu huanza kwa nukta nukta zinazopanuka, hupenda pembe za ukuta wa nje, nyuma ya kabati na fremu za dirisha, na mara nyingi hunuka uvundo. Dondosha tone la jiki iliyochanganywa na maji, subiri dakika moja au mbili: kuvu hupauka, masizi hubaki meusi. Usiichanganye jiki na siki wala dawa yenye amonia, hewa yake ni sumu.

Kwenye kuvu nawasihi msikubali kulaumiwa upesi. Mtoto Awaab Ishak, wa miaka 2, wazazi wake kutoka Sudan, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale, Uingereza, na mwaka 2022 mchunguzi wa vifo akathibitisha kwamba kuvu ya nyumba yao ndiyo iliyomdhuru mapafu. Baba yake alianza kulalamika mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Shirika lililowapangisha nyumba lilidhani tatizo ni namna familia inavyooga. Leo ipo sheria yenye jina la mtoto huyo, inayotumika tangu tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za jamii za England, yaani zinazopangishwa na halmashauri na mashirika ya nyumba: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au kuvu ya kutisha ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Kwa hiyo lalamika kwa maandishi, siyo kwa mdomo. Na upande wako, kipima unyevu ni cha bei ndogo. Ukikuta asilimia imepita 60 siku baada ya siku, acha kuanika nguo chumbani na sogeza kabati mbali na ukuta wa nje.

Mengine ni madogo. Sufuria za alumini tulizobeba kutoka nyumbani zisiingie kwenye mashine ya kuoshea vyombo: sabuni yake kali inaila alumini, na sufuria zinatoka za kijivu, zinachafua taulo, sinki na mikono. Weusi wa mdomo wa bomba huweza kuwa mpira wa ndani uliooza. Vumbi jeusi kwenye kizingiti cha dirisha linaloelekea barabara kuu ni la magari. Pitisha sumaku, na likishika huenda kuna chuma cha breki ndani yake.

Ukiwa na hakika ni masizi, usianze na maji. Fyonza kwa mashine ya vumbi yenye brashi laini bila kusugua, kisha pitisha sponji kavu ya masizi ukielekea upande mmoja, na mwisho kabisa maji yenye sabuni ya vyombo kidogo. Mimi nilihamia chetezo cha umeme. Moshi kidogo bado upo, ila masizi ya mkaa hakuna, na dirisha naliacha wazi kiasi cha vidole viwili.

Dari ikishakuwa safi usiipake rangi mara moja. Bandika kipande cha karatasi nyeupe pale palipokuwa na mstari, andika tarehe, piga picha, na upige nyingine kila Ijumaa kwa wiki nne. Yangu ilikaa nyeupe. Yako ikianza kuwa ya kijivu ilhali huchomi chochote, chukua picha hizo, rudi kwenye boila, na mwite fundi siku hiyohiyo.