Kuchomelea bomba kwa rodi: shughulika na mwanzo na mwisho wa mshono

Mwanza ni mji wa mawe na miinuko. Nyumba iliyojengwa juu Isamilo au Mabatini inaweza kuwa mita 50 juu ya pampu, na kila mita 10 za kupanda zinaongeza takriban bar 1 ya presha kwenye bomba lililo chini. Ina maana bomba la bondeni linabeba bar 5 hata maji yakiwa yamesimama tu. Mshono wa geti ukiwa na tundu la sindano, hakuna atakayejua. Wa bomba ukiwa nalo, mwenye nyumba atakupigia simu jioni hiyo hiyo.

Tundu hilo mara nyingi halikai katikati ya mshono. Litafute pale rodi ilipoanza kuwaka, pale ilipoisha ukaweka nyingine, au pale nusu mbili za mshono zinapokutana. Ndiyo maana mimi huwa siwasifii vijana kwa mshono mrefu uliopangika vizuri. Naangalia wameanzaje na wameachaje.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anaweza kuwasha rodi na kulaza mshono ulionyooka kwenye bapa (kipande cha chuma kilicho tambarare). Kama bado, rudi kwenye bapa kwanza.

Hatua ya 1: Bomba, mashine na rodi

Nunua vipande vya bomba jeusi la inchi 4, unene wa karibu mm 6. Kwa wauza chuma chakavu utauziwa kwa kilo. Vikate vya cm 10 hadi 15. Usianze na inchi 2, duara lake ni dogo na linageuka kabla mkono haujajua uende wapi.

Bomba la GI (lililopakwa zinki) liache kwa sasa. Ukilazimika kulichomelea, ondoa zinki kwa grinda cm 5 hivi kila upande wa mshono, nje na ndani, halafu fanyia kazi nje penye upepo, moshi usije usoni. Ule moshi mweupe ni zinki, na jioni utakuletea homa na kutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Wapo wanaokunywa maziwa kujikinga. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni.

Kuhusu rodi, zisome namba zake. Kwenye E6013 au E7018, tarakimu mbili za mwanzo ni nguvu ya mshono kwa maelfu ya pauni kwa inchi ya mraba (60,000 au 70,000). Namba 1 inayofuata maana yake rodi inafanya kazi pande zote, hata juu ya kichwa. Ya mwisho, ikisomwa pamoja na hiyo 1, inaonyesha aina ya ganda linalofunika waya wa rodi na umeme unaofaa.

Kwa mshono wa kwanza, ule wa ndani kabisa, rodi iliyo bora ni E6010 au E6011, kwa sababu moto wake unachimba na magamba yake (takataka za ganda zinazoganda juu ya mshono) ni machache. E6010 inataka umeme wa DC (unaokwenda upande mmoja). Mashine za transfoma zinazosukwa mitaani hutoa AC (umeme unaogeuka-geuka), hapo tumia E6011. E6013 ndiyo rahisi kuipata madukani na inawaka kwa mashine yoyote, ila magamba yake ni mengi na mepesi kutangulia mbele ya chuma kilichoyeyuka. Kwa kujifunza inafaa. Kwa bomba la presha mimi siitumii kwenye mshono wa kwanza.

E7018 ni ya kujazia na kumalizia. Inachukia unyevu, na sisi tunaishi kando ya ziwa. Pakiti ikishafunguliwa, viwanda vyenye utaratibu huihifadhi kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 150. Kama huna oveni, nunua pakiti ndogo na ifungue siku ya kazi. Usiianike juani ukadhani umeikausha, maana kuirudisha kunahitaji joto la nyuzi 370 na zaidi. E6010 na E6011 ni kinyume: ganda lake linahitaji unyevu kidogo, ukiioka unaiharibu.

Anza na rodi ya mm 2.5 kwa ampea 70 hivi. Ukiwa na DC, weka E6010, E6011 na E7018 kwenye chanya. Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha mashine. Umeme wa jioni, watu wote wakiwa wamewasha vitu, hauko sawa na wa asubuhi, na waya mrefu wa kuunganishia nao unakula umeme. Jaribu kwenye kipande kibovu kila unapoanza.

Hatua ya 2: Kuandaa midomo

Chonga mdomo wa kila kipande kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 37, kisha uache ukingo butu wa mm 1.5 hadi 2 pale ndani. Ukingo mkali kama kisu unayeyuka na kudondokea ndani ya bomba. Mnene sana haupenyeki. Malizia kwa tupa, si kwa grinda, kwa sababu grinda huacha mawimbi usiyoyaona.

Safisha kutu, rangi na mafuta cm 2 hadi 3 kutoka mdomoni, na ndani pia. Ndani ndiko wengi hawagusi, na ndiko moto unakotokeza.

Bomba lililowahi kubeba petroli au dizeli usilitie moto, hata kama limekaa wazi mwaka mzima.

Hatua ya 3: Kushikiza

Weka vipande viwili juu ya engo (chuma chenye umbo la L) iliyolazwa kama V, ili vinyooke vyenyewe. Chukua rodi, pasua ganda lake lote, ukunje waya uliobaki uwe V, uuweke kati ya midomo miwili. Waya wa rodi ya mm 3.2 unakupa mwanya wa kutosha. Pitisha kidole kuzunguka: upande mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake, rekebisha sasa. Baada ya kushikiza utakuwa umechelewa.

Weka vishikizo vinne vya mm 15 hadi 20. Kimoja kikishapoa mwanya unajivuta, basi kinachofuata kiweke upande wa pili, mkabala na cha kwanza. Wakati wa kulifunga bomba, lizungushe ili kishikizo kisikae chini kabisa wala juu kabisa. Chini ndiko utakakoanzia na juu ndiko utakakomalizia, na sehemu hizo mbili zina matatizo yake ya kutosha.

Halafu saga ncha mbili za kila kishikizo ziwe nyembamba, zenye mteremko. Hapa ndipo vijana wanapokimbia. Kishikizo chenye ncha butu ni ukuta, na chuma kikifika hapo kinapanda juu yake bila kuungana nacho kwa chini.

Hatua ya 4: Funga bomba lisizunguke

Lifunge likiwa limelala, kimo cha kifua, na usiliguse tena mpaka mshono uishe. Kulizungusha ili kila mara uchomelee juu ni raha, lakini bomba lililopita ukutani au kati ya mawe halizungushwi na mtu.

Kabla ya kuwasha, shika rodi na upitishe mkono wote kuanzia chini hadi juu bila moto. Kiwiko kitakwama wapi? Utahitaji kusogeza mguu wapi? Simama juu ya ubao mkavu, hasa msimu wa mvua, na glovu ziwe kavu. Kioo cha ngao kiwe namba 10 au 11. Miwani ya jua haizuii kitu, macho yatawasha usiku kucha kama yametiwa mchanga.

Hatua ya 5: Mshono wa kwanza, kutoka chini kwenda juu

Usianzie katikati ya chini. Pita kama cm 1 ng'ambo, ili nusu ya pili ije kuulalia mwanzo huo. Washa ndani ya mshazari, kamwe si juu ya ngozi ya bomba, kwa sababu alama ya moto nje ya mshono ni mahali pa kuanzia ufa.

Rodi ielekee kitovu cha bomba, ncha yake ikitazama juu kidogo kule unakokwenda. Kadiri unavyopanda, kitovu hicho kinabaki palepale ila mkono wako unabadilika: chini unasukuma kwenda juu, ubavuni unalala, juu unainamia. Ukiusahau mkono kwa cm 3 tu, tayari pembe imeharibika.

Sukuma rodi mpaka kingo mbili ziyeyuke na tundu dogo lifunguke mbele ya ujiuji wa chuma kilichoyeyuka, likizidi kidogo unene wa waya wa rodi. Tundu hilo ndilo unalolisimamia. Likifunga, hupenyezi. Likipanuka, chuma kitaanguka ndani. Kwa E6010 au E6011, ruka mbele kidogo, rudi, tulia, ruka tena. Tundu likizidi kukua, ongeza mwendo au punguza ampea 5. Sikiliza pia: moto ukipenya vizuri, mlio wake unasikika upande wa ndani kama upepo unaopuliza kwenye bomba. Mlio ukihamia nje, simama.

Sasa kuacha. Rodi ikikaribia kuisha usiivute ghafla kutoka katikati, utaacha shimo linalojikunja likipoa, na tundu la sindano hukaa humo. Ipeleke rodi ubavuni mwa mshazari, rudi nyuma kidogo, ndipo uikate.

Kuanza tena: gonga magamba, piga brashi, saga mwisho huo uwe mteremko mwembamba hadi uone mwanya. Washa cm 1 nyuma, tembea juu ya mteremko kwa moto mrefu kidogo (ncha ya rodi ikiwa mbali kidogo na chuma) upate joto, na ukifika ukingoni sukuma ndani mpaka usikie ule mlio. Fanya zoezi hili peke yake. Choma cm 3, acha, saga, anza tena, zunguka bomba zima hivyo. Linachosha na halipendezi kwa macho, lakini siku 2 za zoezi hili zinazidi wiki ya kuchoma rodi nzima nzima.

Nusu ya pili inafuata njia ileile. Pale juu, kabla ya kufunga, saga mwisho wa nusu ya kwanza, kisha upite cm 1 hivi juu yake.

Hatua ya 6: Kujaza na kumalizia

Saga mgongo wa mshono wa kwanza, hasa mistari ya magamba iliyojificha pembeni. Kwa bomba la mm 6 inatosha mshono mmoja wa kujazia na mmoja wa juu. Ukitumia E7018, moto uwe mfupi kabisa na usiruke nayo kama ulivyofanya na E6011. Tulia kando zote mbili, pita katikati upesi, vinginevyo utachimba mfereji pembeni. Mshono wa juu uvuke mshazari mm 1 hadi 2 kila upande. Na mianzo isipangane: wa pili uanze mbali na pale ulipoanza wa kwanza.

Hatua ya 7: Kupima

Kata vibanzi vinne kwa urefu wa bomba, kila kimoja kikiwa na mshono katikati, na angalau kimoja kitoke pale chini ulipoanzia. Saga mshono uwe sawa na bapa, funga kwenye jiliwa, kunja upande wa ndani ukitazama nje. Penye uwongo patapasuka.

Bomba la kazini lipime kwa maji, si kwa upepo wa kompresa. Upepo uliobanwa ukipata upenyo unarusha vyuma. Toa hewa yote juu kabla ya kupandisha presha, acha likae, kisha pitisha kidole kikavu kwenye kila mwanzo na kila mwisho.

Likitoa maji mahali, usiweke tone la chuma juu ya unyevu. Litakaa leo na kesho litavuja pembeni yake. Mwaga maji yote, kausha, saga hadi ufike chini ya tundu, na uchomelee upya kuanzia kwenye mteremko.