SOMO: Piano imeoshwa kwa maji, kii zinashuka hazipandi

Wakuu, piano nyingi za makanisani zinaharibikia siku ya usafi. Mtu anachovya tambara kwenye ndoo ya sabuni, anapitisha juu ya kii, zile nyeupe na nyeusi za kubonyeza, mpaka maji yanachuruzika katikati, kesho yake mpiga kinanda akibonyeza kii inazama jumla. Hapa naongelea piano ya nyuzi ile ya kusimama, sio ya umeme.

Kwanza hiyo WD-40, mafuta ya kopo ya kupuliza, weka chini. Kii ni ubao mrefu unaocheza kwenye pini, na tundu la pini lina felti, kile kitambaa kizito cha sufu, sasa felti imekunywa maji ikavimba ikabana. Ukipuliza mafuta leo utafurahi, baadae yanashikana na vumbi inabana kuliko mwanzo.

1. Fungua mfuniko, weka feni mbali kidogo, subiri siku 2 au 3. Usiweke juani wala draya ya nywele, mbao zitapinda na gundi itaachia. Nyingi hapo zitapona zenyewe.

2. Zilizogoma, toa ubao wa mbele uinue kii moja moja, wima, bila kutingisha sana. Cheki namba iliyogongwa kwenye mbao, 1 mpaka 88, kama haisomeki andika kwa penseli maana kii hazibadilishani.

3. Pini ikiwa na kutu isugue na stilwaya laini, futa unga wote. Felti ibane kidogo tu kwa koleo lake la kubania felti za kii, ukizidisha kii itaanza kugonga gonga. Rudisha, bonyeza, ikipanda yenyewe na ikawa na pleyi kidogo, yaani ilegee kiasi kushoto kulia, umemaliza.

MASWALI

– Fundi, ya kwetu walifuta na spiriti, kii nyeupe zina nyufa. Zinatibika?
– Hapana mkuu, plastiki ikishapasuka ni kubandika mpya. Ila kama piano ni ya zamani na kila kii nyeupe ina kamstari kembamba ka kuungia, hiyo inaweza kuwa pembe ya ndovu, usibandue! Pembe za Zanzibar zilikuwa zinapelekwa Connecticut Marekani kutengeneza kii, kuna mji huko mpaka leo unaitwa Ivoryton.

– Na nyuzi zikilowa?
– Kausha kwa tambara kavu, usiguse kwa vidole, jasho linaleta kutu. Na usijaribu kuzikaza mwenyewe, zote kwa pamoja zinavuta zaidi ya tani 15, ita fundi.

– Sasa tusafishie nini jamani?
– Tambara lililokamuliwa mpaka halitoi tone, futa kuja upande wako, halafu kavu fasta.