Umeajiriwa kuwa mwanasheria wa kampuni ya maduka Zanzibar? Anzia hapa

Huu ni mwaka wangu wa tisa kwenye ofisi ya sheria ya kampuni yenye maduka Unguja na Pemba: vyombo vya nyumbani, vyakula vya pakiti, vifaa vya umeme. Vijana wanaomaliza chuo huniuliza kazi yenyewe ni ipi, maana wamesomeshwa mahakama, na mimi mahakamani naingia kwa nadra. Kazi yetu inafanyika kabla ya saini. Hivi ndivyo ninavyomwanzisha kila mwanasheria mpya anayekuja kwetu.

Hatua ya 1: Kaa dukani wiki nzima kabla ya kufungua faili

Simama karibu na keshia Darajani. Nenda ghalani. Panda boti mpaka tawi la Chake Chake. Tazama mteja anayerudisha pasi iliyoungua anajibiwa nini, na mzigo ukifika nani anausainia. Mikataba mingi ya maduka haiandikwi na mwanasheria: meneja wa manunuzi na msambazaji wanaifunga kwa simu na kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ukibaki ofisini utaiona siku imeshageuka ugomvi.

Hatua ya 2: Jua ni sheria ya wapi

Hapa wanateleza wengi, hasa makao makuu yakiwa Dar es Salaam. Mikataba ya ajira inaletwa tayari imechapwa, imetaja sheria ya Bara. Kazi si jambo la Muungano. Muuzaji wa duka la Mlandege analindwa na Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, na michango yake inakwenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar. Kampuni inasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, si BRELA ya Bara. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, inalipwa ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15, wakati Bara ni 18. Lakini ushuru wa forodha na kodi ya mapato ni mambo ya Muungano, kwa hiyo TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, nao wana lao. Chora karatasi ya safu mbili, Zanzibar na Muungano, uibandike ukutani.

Usisahau alama ya biashara. Iliyosajiliwa Bara haikulindi huku. Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwanda ya 2008 na daftari lake. Nembo ya kampuni isajili pande zote mbili kabla hujachora kibao cha kwanza.

Hatua ya 3: Chunguza mlango wa duka ni wa nani kabla ya kulipa kodi ya pango

Kama una nguvu za kufanya jambo moja tu vizuri mwaka wako wa kwanza, fanya hili. Nyumba ya Mji Mkongwe inaweza kuwa ya Serikali, ya wakfu (iliyotolewa kwa ajili ya dini au hisani), ya mtu binafsi, au ya marehemu ambaye mirathi yake haijagawiwa. Kwa nje zote zinafanana.

Mwaka wangu wa pili tulikodi duka kwa mzee mmoja mwenye heshima zake. Tulilipa kilemba, yaani malipo ya kupewa mlango, na kodi ya mwaka, tukaweka shelfu, taa na kiyoyozi. Mwezi wa nne wakaja dada zake wawili: nyumba ni ya baba yao, na wao hawakuulizwa. Walikuwa na haki. Mkataba niliusoma neno kwa neno, lakini sikuuliza aliyeutia saini amepata wapi mamlaka. Tulihama, na fedha nyingi zikabaki kwenye kuta za watu. Dada wale walilia mbele yangu kwa kudhani kampuni imeshirikiana na kaka yao kuwadhulumu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu hapo nafuata utaratibu huu. Naomba hati ya umiliki. Namwendea sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kwa sababu yeye anazijua nyumba za shehia yake na watoto wa kila marehemu. Likitajwa neno mirathi au wakfu, nakwenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kabla ya senti moja kutoka. Warithi wote wasaini, au asaini msimamizi aliyethibitishwa kwa maandishi. Kisha, kwa kuwa Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, usiruhusu fundi atoboe ukuta, abadilishe mlango au atundike kibao bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi.

Hatua ya 4: Kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi"

Utakikuta juu ya kaunta. Kitoe. Mteja aliyechagua rangi asiyoipenda na mteja aliyeuziwa feni isiyozunguka ni watu wawili tofauti, na kibao kinawajibu kwa kauli moja. Andika masharti mafupi kwa Kiswahili, nyuma ya risiti: siku ngapi za kubadilisha, bidhaa mbovu inarudishwa vipi, nani anaamua. Halafu wafundishe makeshia kuyasoma kwa sauti. Saa moja ya mafunzo inazuia barua nyingi za madai.

Kwa msambazaji, weka kifungu kimoja usichokiachia: ZBS (taasisi ya viwango ya Zanzibar) au wakala wa chakula na dawa wakiukataa mzigo, au ukifika karibu na kwisha muda, hasara ni ya nani.

Hatua ya 5: Shoti ya keshia

Fedha za droo zimepungua, meneja anataka kukata mshahara leo leo. Mzuie. Taka maelezo ya maandishi kwanza, hesabu ya droo yenye saini mbili, na nafasi ya mfanyakazi kusikilizwa. Mara nyingi utagundua watu watatu walitumia droo moja.

Hatua ya 6: Wewe ni mwanasheria wa kampuni

Kampuni zetu nyingi ni za familia. Siku moja bosi atakuomba umwandikie hati ya shamba lake, au mtoto wake atataka umweleze siri za hisa za nduguye. Mwambie kwa adabu: "Mzee, mimi nalipwa na kampuni. Hili la nyumbani tumtafutie wakili mwengine." Sema hivyo tangu mara ya kwanza, kwa sababu mara ya pili itakuwa ngumu zaidi.

Hatua ya 7: Kesi ikifika

Mtafute wakili wa nje mapema, mpe faili lililopangwa kwa tarehe pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo, na kaa naye siku ya shauri. Hukumu ikitoka, rudi dukani uwaeleze meneja na keshia ni karatasi ipi ilikosekana.