Kabla ya kubadilisha sili, angalia mpira wa pumzi

Wenye pikipiki za zamani huku Mbeya, oili ikianza kuvuja msikimbilie sili, yaani vile vipete vinavyozuia oili isitoke. Anza na ule mpira wa kutolea pumzi unaotoka kwenye injini. Pistoni ikishuka inabana hewa iliyo chini yake. Hewa hiyo ikikosa njia, inasukuma oili itokee kwenye sili na gasketi. Triumph za zamani, zile pikipiki za Uingereza, za silinda mbili zinasumbua zaidi, kwa sababu pistoni zote hupanda na kushuka pamoja. Nyingi ziliwekewa vali ndogo ya kutolea hewa hiyo, inayozunguka na kemshafti (ule mhimili unaofungua vali za injini), ila tundu lake ni jembamba, na injini ikishachoka halitoshi.

Asubuhi za Juni pale Uyole, kwa safari fupifupi injini haipati moto wa kutosha, mvuke unageuka maji humo ndani. Juzi nimechomoa mpira mmoja nikakuta ute mweupe wa maji na oili, mzito kama mtindi. Nikauosha kwa petroli, nikaupuliza, oili ikaacha kuvuja.

Tafadhali, usiuzibe kwa kitambaa eti unachafua. Injini ikiwa inaunguruma, weka kidole mdomoni mwa mpira: ikivuta na kusukuma, sawa. Ikitoa moshi mfululizo, ringi za pistoni zimekwisha.